Namna ya kutambua na kuainisha Lycopodium clavatum, mmea mmoja wenye sura nyingi

Fungua kabati lolote la hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi) lenye vielelezo vya Lycopodium clavatum. Karatasi ya kwanza itakuonyesha mmea mnene, majani yamejikunja yakilikumbatia shina. Ya pili ina mmea mlegevu, majani yametawanyika kila upande. Hapa suke, yaani sehemu ndefu inayobeba spora, ni moja, pale ni manne, na lebo zimebandikwa juu ya lebo kwa sababu kila mtaalamu aliyepita aliona lake. Mimi nashughulika na mimea hii ya kundi la likopodi, mimea isiyotoa maua inayozaana kwa spora (chembe ndogo kama vumbi), na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama kweli vyote hivi ni spishi moja.

Jibu langu huanzia palepale kila mara. Kabla hujalinganisha mmea na mmea, linganisha tawi na tawi katika mmea uleule. Tofauti utakazozikuta ndani ya mmea mmoja ndizo zitakazokuambia tofauti kati ya mimea miwili ina uzito gani. Sifa inayogeuka kutoka tawi hadi tawi kwenye shina moja haiwezi kutumika kugawa spishi, hata ikiwa inavutia macho namna gani. Nitakuonyesha jinsi ya kulifanya jambo hili kwa mikono, hatua kwa hatua.

Hakikisha kwanza unachokishika

Mimea midogo ya kijani inayofanana na likopodi ni mingi, na mosi kubwa (kwa Kiingereza moss), hasa za jenasi Polytrichum, huwababaisha wanaoanza. Inua shina polepole uangalie chini yake. Likopodi ina mizizi ya kweli, inayogawanyika mbilimbili kuelekea ncha. Mosi ina nyuzi laini tu za kushikia udongo. Kisha chuma jani moja, ulishike mbele ya mwanga na kulitazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Jani la likopodi lina mshipa mmoja wa katikati, hauna matawi. Mwisho tafuta spora. Kwenye mosi zimo ndani ya kidonge kilichosimama juu ya kijiti chembamba. Kwenye likopodi zimo katika vifuko vyenye umbo la figo, kila kifuko kimekaa kwenye kwapa la jani lake.

Selaginella nayo hubeba vifuko makwapani, na watu wengi huichanganya na likopodi. Pasua vifuko kadhaa vya suke moja. Ukikuta spora za ukubwa wa aina mbili zilizopishana sana, una Selaginella. Lycopodium zote zina spora za aina moja.

Ukishaingia ndani ya familia ya Lycopodiaceae, jiandae kukutana na majina yanayogongana. Mtaalamu wa Uswidi Carl Linnaeus alipoandika mwaka 1753 aliziweka likopodi zote alizozijua katika jenasi moja, Lycopodium. Mtaalamu wa mimea Benjamin Øllgaard, mwaka 1987, aliigawa familia katika jenasi nne. Uainishaji uliotolewa mwaka 2016 na kundi la kimataifa la wataalamu wa makangaga na jamaa zao unahesabu jenasi 16 na spishi zipatazo 388. Kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuwa na majina matatu katika vitabu vitatu bila yeyote kati ya waandishi kukosea. Unapoandika jina, andika pia unafuata mpangilio wa nani.

Kwa kazi ya uwandani maswali machache yanatosha kukufikisha. Je, kuna shina refu linalotambaa? Kama hakuna, na mashina yote yanaota kwa kichaka au yananing'inia kutoka kwenye mti, uko upande wa Huperzia na Phlegmariurus. Funga ukurasa huu. Kama lipo, je, masuke yana kikonyo kirefu au yamekaa moja kwa moja juu ya matawi yenye majani? Palhinhaea cernua, iliyoenea sana nchi za joto, husimama kama kamti kadogo na kubeba masuke mengi mafupi yasiyo na kikonyo, yameinamia chini. Spinulum annotinum ya kaskazini ina suke mojamoja lisilo na kikonyo, na majani yake yanaishia kwa ncha ngumu inayochoma. Diphasiastrum zinasumbua kidogo kwa sababu baadhi yake zina vikonyo virefu vinavyofanana na vya clavatum. Lakini matawi yake ni bapa na majani yamesinyaa yakawa kama magamba yaliyogandamana na tawi.

Umebaki na mmea unaotambaa, wenye kikonyo kirefu, wenye majani mengi membamba? Sasa tazama ncha ya jani.

Unywele

Kila jani la Lycopodium clavatum huishia kwa unywele mwembamba, mweupe, unaopitisha mwanga. Katika mimea iliyopimwa Amerika ya Kaskazini jani lenyewe lina urefu wa milimita 4 hadi 6 na upana usiofika milimita 1, na unywele una milimita 2.5 hadi 4. Yaani unywele unaweza kukaribia nusu ya urefu wa jani au kuizidi. Ndiyo maana ncha za matawi machanga zinaonekana kama zimepakwa ukungu mweupe, na ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote kwenye mmea huu.

Lakini unywele unakatika. Majani ya mwaka uliopita mara nyingi yameshaupoteza, na vielelezo vya zamani vilivyoshikwashikwa huonekana kama havikuwahi kuwa nao. Usiandike kamwe "hauna unywele" kwa kutazama katikati ya tawi. Nenda kwenye kichipukizi kinachokua, pale majani yalipofungana kama brashi. Kama unywele upo, utaukuta pale. Kama haupo hata pale, hapo ndipo uanze kufikiria spishi nyingine.

Sifa nyingine zinazoshikilia vizuri ni hizi. Shina kuu hutambaa juu ya ardhi, halijifukii, na linaweza kupita mita moja. Kikonyo cha masuke kimesimama wima, kina majani machache yaliyoachana na kukilalia, kwa hiyo hutofautika mara moja na tawi la kawaida. Masuke yanasimama wima yakipishana juu ya kikonyo hicho, kila moja likiwa na kijikonyo chake kifupi. Majani yanayobeba vifuko ni mapana kuliko ya kawaida, yana rangi ya manjano na kingo zake ni nyembamba kama karatasi. Chini ya hadubini spora ina alama ya mistari mitatu inayokutana, na uso wake umefumwa kama wavu.

Fuata shina moja

Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu kwa muda mrefu. Tafuta mahali ambapo shina linalotambaa linatoka chini ya kichaka na kuingia mahali peupe penye jua. Si vigumu kupapata, maana mmea huu hupenda kingo za njia, miteremko na uwanda wa vichaka vifupi. Piga magoti, lifuate shina kwa kidole bila kuling'oa, na utazame matawi yanayopanda kutoka kwake.

Kivulini majani ni marefu zaidi, laini, yameachana na tawi. Ukisogea kwenye jua yanaanza kuinuka, yanafupika, yanajikunja kuelekea tawi, na rangi inageuka kutoka kijani kibichi hadi kijani cha manjano. Umbali kati ya jani na jani unapungua. Matawi yanakuwa mafupi na manene. Ukichuma tawi la mwanzo na la mwisho ukamkabidhi mtu asiyejua yalikotoka, anaweza kukuandikia majina mawili. Ilhali ni shina moja, mmea mmoja, urithi mmoja.

Fanya hivyohivyo kwa masuke. Hesabu ya kawaida ni masuke 2 hadi 5 kwa kikonyo, lakini kwenye eneo lilelile utakuta kikonyo dhaifu chenye suke moja karibu na kingine chenye manne. Urefu wa kikonyo hutofautiana pia, kuanzia sentimita 3.5 hivi hadi zaidi ya 12. Urefu wa suke ni hivyohivyo: milimita 15 hadi 25 katika Amerika ya Kaskazini, na kwingineko hupita hapo.

Andika yote haya kwenye daftari ukiwa hapohapo. Pembe ya jani hasa haingoji, kwa sababu ukishabana mmea kati ya magazeti, majani yanalala upande wowote yanaposukumwa na karatasi. Mimi hupima pembe kwa kipimapembe kidogo cha plastiki, kisha napiga picha ya tawi kutoka ubavuni, rula ikiwa kando yake. Picha ya kutoka juu haisaidii.

Kuchukua kielelezo bila kuua mmea

Likopodi hukua taratibu, na kuanza kwake ni kugumu zaidi. Spora ikiota hutoa mmea mdogo usio na rangi ya kijani, unaoishi chini ya udongo kwa kulishwa na kuvu, na miaka mingi inaweza kupita kabla shina la kwanza halijatokeza juu. Kwa hiyo omba ruhusa kwa mwenye ardhi au mamlaka husika kabla ya kukata chochote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya makazi asilia ya mwaka 1992 inaiorodhesha jenasi nzima ya Lycopodium miongoni mwa mimea ambayo uchumaji wake unaweza kuwekewa masharti.

Usikate ncha ya mbele ya shina linalotambaa. Ndiyo inayoupeleka mmea mbele. Kata tawi moja la kando lenye suke na kipande kifupi cha shina la nyuma chenye mzizi, basi. Vipande hivyo viwili vinatosha kutambulisha. Tawi bila suke, kwa spishi hii yenye sura nyingi, ni kielelezo nusu.

Kumbuka kwamba sehemu ya nyuma ya shina hufa na kuoza huku matawi ya mbele yakiendelea. Baada ya miaka kadhaa matawi hayo hayashikani tena, lakini yalikuwa mmea mmoja. Mashina kumi uliyoyachuma ndani ya uwanda mdogo huenda yote ni nakala za mmea huohuo, na kuyahesabu kama mimea kumi kutaharibu takwimu zako zote. Acha nafasi kubwa kati ya sampuli na sampuli, na kwenye lebo useme wazi zipi zimetoka eneo moja. Lebo yangu ina mwinuko, mwelekeo wa mteremko, kivuli au jua, aina ya udongo, mimea iliyo jirani, na sentensi moja inayoeleza kama mmea huu ni wa kawaida mahali pale au ni wa pembeni. Sentensi hiyo ya mwisho haimo kwenye lebo nyingi, na inasikitisha, maana watu hupenda kuchuma kilicho cha ajabu. Hebaria ikijaa vya ajabu, vya kawaida havipo, basi spishi itaonekana imegawanyika kuliko ilivyo.

Kupima mezani

Majani makavu yamejikunja. Yaloweke kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni kwa dakika chache, yatafunguka. Chagua majani kutoka katikati ya tawi lililokomaa, la ukuaji wa msimu mmoja. Usichanganye na majani ya kikonyo wala ya shina linalotambaa, kwa sababu hayo ni ya umbo jingine. Pima urefu wa jani bila unywele, kisha unywele peke yake, na uziandike katika safu mbili. Ukizijumlisha, kila unywele uliokatika utakuwa jani fupi la uongo.

Pima majani kadhaa kwa kila tawi na matawi kadhaa kwa kila mmea. Kisha chora kwenye karatasi ya miraba, urefu wa jani upande mmoja na idadi ya masuke upande mwingine, kila mmea na rangi yake. Usitafute vipeo, maana kila kundi la viumbe lina mrefu na mfupi wake. Tafuta pengo. Kama nukta zimetawanyika bila kuachana, una spishi moja inayoyumba. Kama zimejikusanya makundi mawili na katikati pakavu, na kama sifa mbili zisizotegemeana zinagawanyika pamoja, hapo pana jambo la kufuatilia.

Spora nazo zinafaa kutazamwa. Zina upana wa mikromita 30 hivi. Zikiwa nyingi zimesinyaa na hazilingani, shuku uchotara. Ila zitikise mbali na moto. Zina mafuta mengi na zikirushwa hewani huwaka ghafla; ndugu wawili wa familia ya Niépce nchini Ufaransa waliendesha injini yao ya mwaka 1807 kwa unga huu wa likopodi. Ninaitaja kwa heshima kwa unga huu, na pia kwa sababu taa ya spiriti haina kazi yoyote kwenye meza hii.

Majirani walio karibu mno

Lycopodium lagopus ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mgawanyo unavyoweza kuwa halali. Kwa muda mrefu iliwekwa ndani ya clavatum kama aina tu (cheo kilicho chini ya spishi), kwa jina la monostachyon. Inaishi nchi za kaskazini mwa dunia. Suke lake kwa kawaida ni moja, majani yake ni mafupi kidogo, milimita 3 hadi 5, yameinuka na kulilalia tawi. Tumeshaona kwamba clavatum nayo hutoa suke moja ikidhoofika, tena majani yake hulala ikiwa juani. Kwa hiyo hakuna kati ya sifa hizo inayotosha peke yake. Nenda kwenye vikonyo adimu vyenye masuke mawili. Kwa clavatum kila suke lina kijikonyo chake. Kwa lagopus yameketi pamoja, kwa kawaida bila vijikonyo vinavyoonekana. Kisha tazama eneo zima: vikonyo vya suke moja vikiwa ndivyo kanuni kila mahali, kivulini na juani, na majani mafupi yakaambatana navyo, andika lagopus bila kusita.

Kwingineko mambo hayajatulia hivyo. Mimea ya milima ya Afrika na visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi imewahi kutengwa kama aina ya borbonicum. Ya Andes ina nususpishi iitwayo contiguum. Ya Asia ya mashariki wengine huitenga kama Lycopodium japonicum, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Thunberg mwaka 1784, na wengine huirudisha ndani ya clavatum. Usichague jina kwa kuangalia ramani peke yake. Pima kwanza, kisha uone kama vipimo vyako vinakubaliana na maelezo ya jina hilo.

Kuamua cheo

Sifa ikibadilika kwenye shina moja kutoka kivulini hadi juani, hiyo ni hali tu; ieleze kwa maneno na usiipe jina. Ikiwa mimea ya eneo kubwa inatofautiana kwa wastani na ile ya eneo jingine, lakini inapokutana sura zake zinaingiliana hatua kwa hatua, nususpishi inafaa. Ikiwa makundi mawili yanaota bega kwa bega, chini ya jua lilelile na juu ya udongo uleule, na bado kila moja linabaki na sura yake na spora zake nzuri, hapo nitatetea spishi mbili mbele ya yeyote. Mahali pa kukutana ndipo penye ushahidi. Ukiwa na muda wa safari moja tu, usiende kwenye kitovu cha kila kundi, nenda mpakani.

Kuhamisha mmea bustanini ili uone kama utabadilika ni jaribio zuri kwa mimea mingi, lakini likopodi iliyong'olewa mara nyingi hufa. Kwa hiyo lile shina linalovuka kutoka kivulini hadi juani ndilo bustani yako ya majaribio. Vipimo vya DNA husaidia sana, mradi sampuli zimechukuliwa kwa nafasi na kila moja ina kielelezo kilichobanwa chenye namba ileile. Jina lenyewe hufungwa kwenye kielelezo kimoja kilichoteuliwa. Ukitaka kuliondoa au kulirudisha jina, lazima ukitazame hicho, au walau picha yake safi.

Ukimaliza, bandika kikaratasi cha utambuzi chenye jina, mwaka, mpangilio unaoufuata, na sifa mbili au tatu zilizokushawishi, kwa mfano "unywele upo vichipukizini, vijikonyo vya masuke vipo, majani ya juani na kivulini ya shina moja". Usiondoe vikaratasi vya waliokutangulia. Na kama mmea umekushinda, andika "Lycopodium, kundi la clavatum" uishie hapo, halafu ongeza kinachokosekana ili atakayerudi mahali pale ajue cha kutafuta: suke lililokomaa, kichipukizi chenye majani mapya, au tawi la pili kutoka upande wa jua.